Beto Inapoingia Ziwani

Goma haina mto. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, mara nyingine kwa hasira, lakini maji yakishagusa ardhi yanapotea: lava ya volkano ya Nyiragongo imejaa nyufa na matundu, na kila tone linazama humo kimya kimya hadi Ziwa Kivu. Ndiyo maana mama wa mtaa wa Ndosho ananunua maji kwa bidoni wakati ziwa analiona kwa macho. Ndiyo maana pia bwawa la binafsi, lile la kuchimba nyuma ya nyumba ukatia samaki na mtumbwi mdogo wa watoto, mjini humu halipo. Masisi wanayo, Rutshuru wanayo. Huko kuna udongo unaoshika maji. Goma ukichimba shimo unapata mawe meusi. Ukilijaza maji jioni, asubuhi unakuta mawe meusi yaliyolowa.

Lipo Lac Vert, kreta ya kale iliyojaa maji upande wa magharibi wa mji. Kwa ukubwa ndilo linalokaribia bwawa. Lakini kuta zake zimesimama kama za sufuria, na ukanda wote ule unajulikana kwa hewa mbaya inayopanda kutoka ardhini, jambo nitakalolirudia. Basi anayetaka kuteremsha boti Goma anabaki na Ziwa Kivu, na swali ambalo mafundi wengi hulijibu kabla halijaulizwa: nijenge mteremko wa beto kwenye parseli yangu?

Beto ndiyo zege kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam. Mteremko ninaousema ni ile njia pana inayoshuka kutoka nchi kavu hadi ndani ya maji: gari linarudi kinyumenyume na trela, boti inaelea yenyewe, gari linapanda tena. Ukipita majini mbele ya mtaa wa Himbi unaona kuta za mawe ya volkano, bustani, miti, na hapa na pale ulimi wa kijivu ukilamba ziwa. Nimeitazama miteremko hiyo kwa miaka kadhaa sasa. Mingi imejengwa vizuri panapoonekana na vibaya pasipoonekana, na hapo ndipo penye suala zima. Mteremko unaamuliwa na mguu wake, ile sehemu iliyo chini ya maji. Fundi anaukisia, sheria inaumiliki, volkano inausogeza, na mwenye pesa anausahau.

Tuanze na hesabu, maana hesabu yenyewe inatosha kumtoa mtu usingizini. Mwinamo unaofaa uko kati ya asilimia 12 na 15. Ukiulaza kuliko hapo, gari linaingia majini hadi ekzosi kabla boti haijaelea. Ukiusimamisha kuliko hapo, matairi yanateleza na gari linaifuata boti. Tuchukue moja kwa nane: kila mita 8 za kwenda, unashuka mita 1. Ziwa nalo lina mazoea yake. Hupanda kwa mvua za Machi hadi Mei, kisha hushuka kiangazi, na katika mwaka wa kawaida tofauti ni kama nusu mita. Boti ndogo yenye moteri inataka walau mita 1 ya maji mwishoni mwa mteremko hata ziwa likiwa chini kabisa, la sivyo gurudumu la trela linadondoka ukingoni mwa beto. Juu nako acha nusu mita ya kushuka iliyo kavu hata ziwa likijaa, gari lipate pa kusimama. Nusu, na nusu, na moja: mita 2 za kushuka. Kwa moja kwa nane, huo ni mteremko wa mita 16.

Sasa ugawe. Mita 4 za juu ni kavu siku zote. Mita 4 za kati zinalowa na kukauka kufuatana na majira. Mita 8 za chini, yaani nusu nzima ya kazi, hazitaonja jua tena. Hizo ndizo ambazo mwenye parseli hawaonyeshi wageni wake, na ndizo za kwanza kukatwa bei inapobana. Nimewahi kuonyeshwa mteremko mpya, umesuguliwa laini kama sakafu ya sebule, unaishia pale pale maji yalipokuwa siku ile ya kazi. Ilikuwa Mei. Kufika Septemba ulikuwa barabara nzuri ya kwenda kulitazama ziwa.

Kwa upana wa mita 4 na unene wa sentimita 15, mita 16 zinakula mita za ujazo 9.6 za beto. Kwa kipimo cha kilo 350 za simenti kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni kilo 3,360, mifuko 67 hivi ya kilo 50. Na simenti inayouzwa Goma mara nyingi imevuka mpaka, kutoka Uganda au Rwanda, ikabeba njiani ushuru, nauli na mkono wa kila kizuizi. Mawe si shida. Mji wenyewe umekaa juu ya kokoto. Mchanga safi ndio wa kutafuta, kwa sababu ule mweusi wa volkano unaouzwa rahisi mara nyingi una vumbi linalokunywa maji ya mchanganyiko, na fundi akiona mchanganyiko umekauka anaongeza maji. Maji yakizidi, beto inakuwa dhaifu. Kwenye ukuta wa nyumba kosa hilo husameheka. Kwenye mteremko unaopigwa na mawimbi usiku na mchana, halisameheki.

Tuje kwenye mguu wenyewe. Watu husema beto inakauka, lakini beto haikauki, inaganda, na inaweza kuganda hata chini ya maji. Kazi iko kwenye safari ya kuifikisha huko. Mimina ndoo moja ziwani uone: maji yanageuka kama maziwa, wingu linatambaa kwenda mbali, na chini unabaki na rundo la kokoto zilizooshwa. Wingu lile ndiyo simenti yako. Kwenye ziwa kubwa kama Kivu linamalizika bila kelele, ila kwenye bwawa dogo la samaki lingekuwa sumu, maana chokaa yake inachoma matamvua.

Njia ya kwanza ambayo kila fundi huitaja ni kuzungushia eneo magunia ya mchanga, kuyavuta maji kwa pampu, na kumimina pakavu. Kwenye udongo wa mfinyanzi inawezekana. Hapa chini ni lava iliyopasuka. Maji hayaingii kwa kupita magunia tu, yanapanda kutoka chini kupitia nyufa zile zile zilizoyanyima mito maeneo yetu, na pampu inabaki ikilivuta Ziwa Kivu lote kupitia bomba la inchi tatu. Petroli inaisha, ziwa haliishi.

Njia ya pili hutumika sana Marekani na Ulaya kwenye maziwa madogo: bamba lote linamiminwa kwenye nchi kavu juu ya reli au kitanda cha kokoto, linaachwa ligande, kisha linasukumwa kwa mashine hadi liteleze na kukaa mahali pake. Ni njia nzuri sana kwa mwenye mashine. Mita zetu 8 za chini, kwa vipimo vile vile, zina uzito wa tani 12 hivi. Ukikodi kateripila kwa kazi ya siku moja, bei ya kuifikisha tu inaweza kuzidi simenti yote.

Iko ya tatu, na mimi ndiyo ninayoishikilia, ingawa wenye parseli huiona ya kimaskini. Ni kumimina vipande virefu pembeni, kwenye kofraje za mbao, kila kimoja urefu wa mita 2, upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 12. Kipande kama hicho kina kilo 170 na ushee. Watu wanane wenye miti miwili mabegani wanakibeba. Vinaachwa vigande wiki nne chini ya magunia yaliyoloweshwa. Kisha vinapangwa majini juu ya kitanda cha kokoto zilizosawazishwa, viwili viwili ncha kwa ncha, vikiunganishwa kwa kebo ya chuma iliyopitishwa kwenye pete zilizotoka kwenye nondo. Kwa mita 8 unahitaji vipande 50 hivi. Hakuna pampu na hakuna maziwa ziwani, na kipande kikivunjika unabadilisha kimoja. Wapiga mbizi si lazima: kina chenyewe hakizidi mita moja na nusu, na vijana wa mwaloni hapa wanazama humo wakicheza.

Juu ya beto, kabla haijashika, unavuta reki kwa mshazari ili iache mifuo mirefu. Wengine hudhani ni pambo. Baada ya miezi michache utelezi wa kijani utaota kwenye zile mita za kati zinazolowa na kukauka, na bila mifuo hata mtu mwenye viatu vya mpira anashuka kwa makalio.

Mwisho wa mguu ndio unaohitaji mawe makubwa, yasiyoinuliwa na mtu mmoja, yaliyolundikwa pande zote. Sababu yake ni boti yenyewe. Nahodha anaporudisha boti kwenye trela kwa nguvu ya moteri, pangaboi inapiga maji kwenda nyuma na chini, na kila mara inahamisha kokoto kidogo. Shimo linazaliwa mahali ambapo hakuna anayetazama. Nilionyeshwa mteremko mmoja ambao ulikuwa mzima kabisa kwa juu. Kijana wa nyumba aliingia majini hadi kifuani, akapitisha mkono wake wote hadi begani chini ya beto, akautoa akicheka. Bamba lilikuwa limeshikiliwa na nondo tu. Mwenye nyumba hakucheka.

Hadi hapo haya ni mambo ya ufundi, na ufundi unatibika. Sasa ile hewa.

Neno mazuku ni mchango wa Kiswahili cha huku kwa sayansi ya dunia: wataalamu wa volkano wanaoandika Kifaransa na Kiingereza wanalitumia hivyo hivyo lilivyo. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, haina rangi, na inajaa kwenye mabonde na mashimo kama maji yanavyojaa beseni. Usiku usipokuwa na upepo inakusanyika. Jua likipanda na upepo ukivuma inatawanyika. Ukanda wake mashuhuri ni huu huu wa ukingo wa ziwa magharibi mwa mji, kuanzia Himbi na Kyeshero hadi Bulengo. Mbuzi hufa humo, mbwa hufa, na watu hufa. Observatwari ya volkano ya Goma, OVG, imefanya kazi ya miaka kuzipima sehemu hizo.

Fikiria basi kazi ya mteremko inavyokwenda. Ukingo wa parseli una kimo juu ya maji, kwa hiyo unakatwa: unachimba mfereji mpana wenye kuta pande mbili, unaoshuka hadi usawa wa ziwa. Kama umefuata njia ya magunia na pampu, unashuka hata chini ya usawa huo, na watu wanne au watano wanainama ndani. Saa inayopendwa na mafundi ni alfajiri, ziwa likiwa limetulia kama kioo, kabla upepo haujaleta mawimbi. Utulivu ule ule unaoifaa beto ndio unaoifaa mazuku. Anayeinama ndiye wa kwanza kuvuta hewa ya chini. Akianguka, mwenzake anainama kumwinua.

Kinga yake si ghali. Usianze kabla jua halijapanda vizuri. Shusha mshumaa au taa ya moto kwa kamba hadi chini ya shimo. Ukizimika, hakuna anayeshuka. Ila usiamini mshumaa unaowaka kwamba ni cheti cha afya, maana gesi inaweza kumlevya mtu kabla moto haujazimika. Tazama mijusi na ndege waliokufa. Na kama parseli yako iko kwenye ukanda unaojulikana, waite wapimaji kabla ya kumwita fundi. Kuna mteremko usiopaswa kujengwa kabisa: ule unaokata ukuta na kufungua mfereji kutoka uwanja wa juu, watoto wanapochezea, hadi shimo la maegesho ya boti chini. Huo ni bomba la mazuku lililosakafiwa.

Gesi ya ziwa lenyewe, ile metani na kaboni dioksidi iliyolala kwenye kina kirefu, ambayo Rwanda huivuta huko Karongi kwa mtambo wa KivuWatt wenye megawati 26, haina uhusiano mkubwa na mteremko wa mita 16. Naitaja kwa sababu mtu akisikia unachimba ziwani huuliza kama halitalipuka. Halitalipuka kwa koleo lako.

Volkano lakini inao uhusiano, tena wa moja kwa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka kutoka ubavuni mwa Nyiragongo, ikapita juu ya uwanja wa ndege na katikati ya mji, ikaingia ziwani na kujenga ardhi mpya pale ilipokuwa maji. Wengi wanakumbuka moto. Wachache wanakumbuka kwamba siku zilizofuata, matetemeko yakiendelea, ardhi ya ukingo huu wa kaskazini ilizama kwa makumi ya sentimita. Ziwa halikupanda, sisi ndio tulioshuka. Rudi sasa kwenye hesabu yangu ya nusu mita kavu niliyoiacha juu: kuzama kumoja kwa namna ile kunaila karibu yote, na gari lako linasimama majini bila mvua ya ziada hata tone. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukafunguka tena. Safari hii lava ilisimama kwenye malango ya mji, ila siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo na nyufa zikakata barabara na sakafu za nyumba. Bamba moja la mita 16 lililoshikana halina pa kukunjika isipokuwa kuvunjika. Vipande 50 vilivyofungwa kwa kebo vinainama pamoja na ardhi, kisha unavisawazisha. Hii ni sababu yangu ya pili ya kuipenda njia ya kimaskini.

Ukingo huu hautegemei volkano peke yake. Maji ya Kivu yanatoka kwa mlango mmoja, mto Ruzizi kule Bukavu, na juu ya mto huo kuna mabwawa ya umeme, la kwanza likiwa limejengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kiasi kinachoachiwa pale kinachangia usawa wa maji mbele ya parseli yako, na kinaamuliwa kwa mahitaji ya umeme ya nchi tatu. Hakuna atakayekupigia simu.

Sheria sasa. Ardhi ya Kongo, kwa sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ni mali ya Serikali peke yake. Raia anapewa haki ya kuitumia, na cheti chake cha usajili ndicho kinachomlinda. Hilo kila mwenye parseli analijua, hata kama hulisema kwa sauti ya chini. Linalosahaulika ni kwamba sheria hiyo hiyo inaweka kitanda cha kila ziwa katika mali ya umma, na kitanda kinahesabiwa hadi pale maji yanapofika yakijaa kwa kawaida ya majira. Chukua tena mita zetu 16. Mita 8 za chini ziko kitandani daima. Mita 4 za kati zinafunikwa na maji ya Mei, kwa hiyo nazo ni kitanda. Zinabaki 4. Robo tatu ya mteremko unaouita wako imekaa juu ya ardhi ambayo hakuna ofisi ya kadastre inayoweza kukuandikia jina.

Maana yake si kwamba ni haramu kujenga. Maana yake ni kwamba unajenga kwa ruhusa, na ruhusa huondoka. Na atakayekuja kusimama juu ya beto yako, mvuvi aliyeshikwa na dhoruba au mama mwenye bidoni, ana haki ya kuuliza ni nani anayemfukuza kwenye kitanda cha ziwa.

Jirani zetu wameandika jambo hili kwa mita. Rwanda inataka mita 50 zisizo na jengo kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja mita 60. Uganda, kwa maziwa yake makubwa, mita 200. Sheria na ukuta ni vitu viwili, na nchi zote hizo zina mabwana waliojenga ndani ya mita hizo. Hata hivyo vuka kwa miguu hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, jioni ya Jumapili: utakuta barabara, miti, kisha mchanga, na watoto wa watu wowote wakiogelea. Rudi Goma utembee sambamba na ziwa lile lile. Kwa sehemu kubwa utatembea sambamba na kuta.

Penye mwanya wa umma, pamejaa. Kituku ni soko, mwalo na bandari kwa pamoja. Boti za mbao zinafika na makaa, maharage, ndizi, mihogo na abiria kutoka Minova, Kalehe na Idjwi. Nimesimama pale asubuhi nikitazama boti moja ikishusha. Ubao mmoja, upana wake hauzidi nyayo mbili, ulitoka kwenye boti hadi kwenye mawe. Mbebaji aliyekuwa na gunia mgongoni alipofika katikati ubao ulipinda hadi ukagusa maji. Akasimama, akangoja wimbi lipite, akaendelea. Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto aliukataa ubao, akapandisha kitenge, akaingia majini hadi mapajani. Hatua tano kutoka pale wasichana walikuwa wakijaza bidoni za maji ya kunywa, na upande wa pili vijana wakiosha pikipiki.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, watu wa nchi kavu wakiitazama. Barabara ya Minova ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo ziwa lilibeba kila mtu. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema siku ile kwamba ndani walikuwamo watu 278 na waliokufa ni 78. Hesabu zilizofuata hazikupatana. Nisieleweke vibaya: beto isingeiokoa boti ile. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na jaketi za kuokolea, ambazo Rais Tshisekedi aliagiza zivaliwe baada ya ajali ya Kalehe ya Aprili 2019, zilikuwa bado hadithi. Lakini siku ile iliuonyesha ulimwengu ukingo ambao mji wa watu zaidi ya milioni unautegemea, na ukingo huo ulikuwa mawe na ubao.

Hapa ndipo hesabu ya mifuko 67 inapoanza kuniudhi. Mteremko wa binafsi hutumika siku za kuhesabika kwa vidole katika mwaka: boti ikienda kurekebishwa, mgeni akija, Krismasi. Boti za mbao za kazi hazikai kwenye trela. Wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza, wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja na kutoka jioni na taa zao, huvuta vyombo nchi kavu kwa magogo na nyimbo wakati wa kuziba nyufa tu. Wao wanahitaji mahali, beto kidogo tu. Na abiria anahitaji zaidi ngazi pana zenye vidato virefu kuliko mteremko laini. Kwa hiyo tukisema umma ujengewe, tusinakili ulimi wa Himbi. Kituku inafaa kupata vidato vya beto vinavyoendelea hadi chini ya maji ya Septemba, na pembeni yake mteremko mmoja wa vipande kwa ajili ya mikokoteni, chukudu (zile skuta za mbao za mizigo) na boti ya uokoaji. Penye mteremko wa umma, kesho yake pikipiki zitaoshwa juu yake. Basi ijengwe sehemu ya kuoshea mbali na wachota maji, kabla ya kuanza kuwafukuza vijana kwa fimbo.

Mei 27, 2021, siku tano baada ya mlima kufunguka, mamlaka ilipoamuru sehemu kubwa ya mji ihame, mamia ya maelfu waliondoka kwa siku moja, wengine kwa barabara ya Sake, wengine kwa mpaka, na wengine wakaparamia boti za kwenda Bukavu. Siku kama ile kila ukuta wa ukingoni ni mlango uliofungwa. Ningependa ruhusa ya mteremko wa binafsi iandikwe sharti moja: siku ya kuhama, lango linafunguliwa. Ni sharti dogo kwa mtu anayekalia mita 12 za kitanda cha ziwa.

Kuna wanaopinga mteremko wowote mpya, na hoja yao si ya kupuuzwa. Ziwa hili ni mpaka usio na uzio. Usiku vitu vinavuka: mafuta, madini, wakati mwingine watu wenye bunduki. Kila mteremko mpya ni kituo cha forodha kisicho na afisa, na tangu waasi wa M23 waliposhika mji mwishoni mwa Januari 2025, swali la nani anaruhusu nini ukingoni limezidi kuwa gumu. Ila magendo hayakungoja beto. Mtumbwi unavuka kutoka jiwe lolote.

Kwa aliyekwisha kuamua, bado kuna kazi moja isiyo na gharama, na nimeshindwa kumshawishi mteja yeyote wa rafiki yangu fundi aifanye. Simika mti imara majini mbele ya parseli, uchore alama kila sentimita 10, uandike usawa wa ziwa kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Wote husema mwaka ni mrefu. Fundi mwenyewe, mtu aliyezaliwa Kyeshero na kuijenga tena nyumba yake baada ya 2002, ana mti wake. Ni bomba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, na karibu na ncha ya juu kuna mkato aliouchora kwa msumeno Januari ile ya lava. Siku aliponionyesha, maji yalikuwa yameshaupita kwa upana wa vidole vitatu, na sambaza wadogo walikuwa wakizunguka mahali mkato ulipo.